Seva ni nzito: ninunue ramu ya GB ngapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Natunza seva ya chama chetu cha akiba na mikopo. Ni Ubuntu Server, ramu GB 8, diski ya kuzunguka ya TB 2. Ina mafaili kama 40,000 ya Word na PDF: mihutasari, barua, maombi ya mikopo, yametapakaa kwenye mafolda ya kila afisa. Mtu akitafuta jina la mwanachama kutoka kompyuta yake ya Windows, anasubiri robo saa. Amri ya free inaonyesha ramu iliyobaki ni MB 200 tu, kwa hiyo nimeweka kroni (kazi inayojiendesha kwa ratiba) ya kuisafisha kila saa. Bodi imekubali tununue ramu. Ninunue ya GB ngapi?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usinunue kwanza, na hiyo kroni iondoe leo hii.

Linux, ambayo ndiyo msingi wa Ubuntu, haiachi ramu ikae bure. Kila faili linaposomwa, kerneli, yaani kiini cha mfumo, hubakiza nakala yake kwenye ramu ili likiombwa tena isirudi diskini. Programu ikihitaji nafasi, nakala hizo huachiwa mara moja. Kwa hiyo usiangalie safu ya "free", angalia "available". Ikiwa ina GB 4 au 5, ramu unayo. Kroni yako inafuta kila saa kazi ambayo diski imeshaifanya kwa taabu.

Na diski ndiyo inayoumia. Ya mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde. Kichwa chake kisogee, kisha kingoje data izunguke ikifikie: milisekunde kama 12 kwa kila ombi, yaani maombi 80 hivi kwa sekunde. Mafaili 40,000 yaliyotawanyika, kila moja likiguswa mara moja tu, ni zaidi ya dakika 8, na mtandao hatujauhesabu. Akianza kutafuta mtu wa pili, wote wawili wanakwama. Hakikisha mwenyewe: mtu anapotafuta, endesha amri ya vmstat 1, inayoonyesha hali ya seva kila sekunde. "wa" (muda wa kungoja diski) ikipanda huku "si" na "so" (data inayohamishwa kati ya ramu na diski ramu inapopungua) zikibaki sifuri, prosesa inangoja diski.

Iombe bodi fedha hizo zinunue SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka. Hata hivyo, kusoma mafaili yote kwa ajili ya jina moja ni kazi isiyo na sababu, hata diski iwe na kasi gani. Weka Recoll, programu ya kutafuta maneno ndani ya mafaili, kwenye seva. Itayasoma mara moja, itunge faharasa ya maneno, kisha kila usiku isasishe yaliyobadilika tu. Jina litatafutwa kwenye faharasa, na mafolda ya maafisa yatabaki yalivyo. Msihangaike kuyapanga upya. Barua zilizoskaniwa ni picha, hivyo zipitishe kwanza kwenye Tesseract, programu inayogeuza picha za maandishi kuwa maandishi, ambayo ina data ya Kiswahili.

Jambo moja nakusihi sana. Maombi ya mikopo ni siri za watu, na faharasa moja humwonyesha kila anayeifikia kila kilichomo. Yatungie faharasa yake peke yake, na meneja aandike majina ya wanaoruhusiwa kuifungua kabla hujaiwasha.