Mboga na Kitoweo: Je, Samaki Anaweza Kuwa Mboga?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya msingi, Tanzania Bara. Mwanafunzi wangu aliandika katika insha yake: “Siku hiyo mboga ilikuwa samaki.” Nililikata neno “mboga” kwa wino mwekundu, nikaandika “kitoweo” juu yake, nikampunguzia alama. Kesho yake mama yake alinifuata, daftari mkononi, akaniuliza kosa liko wapi, maana nyumbani kwao hakuna asemaye vingine. Sikuwa na jibu la kumridhisha. Naomba unieleze tofauti ya maneno haya mawili.

JIBU: Ndugu Mwalimu, mrudishie mtoto alama yake. Sababu zangu ni hizi.

Tuanze na kitoweo. Neno hili limetokana na kitenzi kutowea, yaani kula ugali, wali au chakula kingine cha namna hiyo pamoja na kitu cha kukiteremshia. Kwa asili yake, basi, kitoweo hakitaji kitu ni cha jinsi gani. Hutaja kazi ya kitu hicho katika mlo. Nyama, dagaa, maharage, kisamvu kilichoungwa kwa nazi, hata maziwa ya mgando, vyote ni kitoweo pale vinaposindikiza tonge. Hata hivyo, mazoea ya wasemaji yamelivuta neno upande wa nyama na samaki. Mvuvi anayerudi na mtungo wa samaki huambiwa ameleta kitoweo hata kabla samaki hao hawajaparwa magamba, na magazeti huandika kuwa wanyamapori wamewindwa kwa ajili ya kitoweo, ilhali anayeingia nyumbani na fungu la mchicha ni nadra kupokewa kwa neno hilo.

Mboga ndilo neno lenye mambo mengi. Maana yake ya kwanza inahusu mimea: majani yanayoliwa, kama vile mchicha, matembele na majani ya kunde, pamoja na bamia, bilinganya na jamaa zao. Hivyo ndivyo linavyotumika Unguja, ambako mboga ni mboga na samaki ni kitoweo, na kwa kuwa Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya lahaja ya Kiunguja, iliyochaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, si ajabu kwamba sisi tuliosomea vitabuni tunaiona maana hiyo kuwa ndiyo pekee iliyo halali.

Bara, hata hivyo, neno limepanuka. Mtu hurudi nyumbani jioni, akafunua sufuria ya ugali na kuuliza, “Mboga nini leo?” Akijibiwa “nyama”, hashangai wala hasahihishi. Hapo mboga imechukua kazi yote ya kitoweo. Nami siuoni upanuzi huu kuwa uzembe wa wasemaji, kwa sababu zipo lugha za Kibantu zenye neno moja kwa kila kinacholiwa na ugali. Kichewa, kwa mfano, husema ndiwo, yawe majani, maharage au nyama. Hata usemi wa vijana wa “geti kali, mboga saba”, unaotumika kwa familia yenye uwezo, hauwezi kueleweka kwa maana finyu, kwani anayeusema hakusudii aina saba za majani bali meza iliyojaa vitoweo. Kenya, kwa upande wake, imebaki karibu zaidi na maana ya mimea, na ndiyo maana mama mboga wa huko hatarajiwi kuuza nyama.

Jambo linalonigusa zaidi ni pale tofauti hii inapoweza kumdhuru mtu. Mgonjwa anayeambiwa na mganga wake “kula mboga kwa wingi” anaweza kurudi nyumbani akaongeza nyama, naye akaamini kwa moyo safi kwamba ametii. Wasemaji wameliona pengo hili, wakaliziba wenyewe kwa kuunda “mboga za majani” na “mbogamboga”. Nawasihi wanaoandika ushauri wa afya na orodha za vyakula wayatumie maneno hayo mawili kila wanapokusudia mimea, wasiache “mboga” peke yake.

Kwa hiyo, Mwalimu, katika insha ya masimulizi mtoto alisema kweli kwa lugha ya nyumbani kwao. Akiandika jibu la sayansi kuhusu makundi ya vyakula, hapo mwelekeze aandike “mboga za majani” kwa mchicha, na samaki amtaje kwa jina lake. Ukimweleza hivyo, atakuwa na maana zote mbili mkononi, kuliko kubaki na alama ya wino mwekundu asiyoielewa.

SWALI: Jirani yangu anadai kuwa mboga ni mmea unaozaa maboga. Je, ni kweli, au ananitania?

JIBU: Ni kweli. Boga ni tunda, na mmea wake unaotambaa huitwa mboga, wingi miboga, kwa utaratibu uleule wa embe na mwembe, chungwa na mchungwa. Mboga huu wa shambani na mboga ile ya kula ni maneno mawili yaliyofanana kwa umbo tu katika umoja, na ngeli ndiyo inayoyatenganisha. Ukisikia “mboga umeliwa na mbuzi”, kimbilia shambani. Ukisikia “mboga imeliwa na mbuzi”, angalia kwanza jikoni.