Silinda Moja Dhaifu Katika Injini Iliyosukwa Upya

SWALI: Ndugu Mhariri, ninamiliki Toyota Corolla yenye injini ya 4A-FE ambayo ilisukwa upya hivi karibuni: ringi za pistoni zilibadilishwa, vali zikasagwa na gasketi ya silinda hedi ikawekwa mpya. Tangu hapo injini inatetemeka gari likiwa limesimama. Fundi amepima mgandamizo na kupata paundi 175, 170, 115 na 170. Anasema ringi za silinda ya tatu hazijakaa, hivyo anataka kuishusha injini tena. Je, nimruhusu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Usimruhusu kwa sasa. Vipimo hivyo havitoshi kuzitia ringi hatiani, na kufungua bloku ndiyo kazi ya gharama kubwa kuliko zote.

Kwa injini hii kiwango kamili cha mgandamizo ni paundi 191 kwa inchi ya mraba, cha chini kabisa ni 142, na tofauti baina ya silinda haipaswi kuzidi 14. Silinda zako tatu zinakaribiana vizuri, kwa hiyo shaka ya mkanda wa taimingi, yaani ule unaooanisha vali na pistoni, kuruka jino inapungua sana, kwani kosa hilo lingezishusha zote. Vivyo hivyo, ringi mpya ambazo bado hazijalainika kwa kawaida hudhoofisha silinda zote, si moja pekee.

Kipimo chenyewe kirudiwe injini ikiwa na moto wake wa kawaida, betri ikiwa imejaa, plagi zote zikiwa nje, umeme wa plagi na mafuta vikiwa vimekatwa, na pedali ya mafuta ikiwa imekanyagwa hadi mwisho. Fundi akipima huku koo la hewa, yaani mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali, limefungwa, atapata namba za chini bure. Kisha amimine kijiko kimoja cha chai cha oili katika tundu la plagi ya silinda ya tatu na kupima tena. Namba ikipanda sana, hewa inapita kwenye ringi. Ikibaki palepale, ubovu uko juu, kwenye vali au gasketi. Gasketi iliyoungua katikati ya silinda mbili kwa kawaida huzishusha zote mbili, jambo ambalo halionekani kwako.

Mimi ningeanza na vali, na sababu yake mafundi wengi huisahau. Vali na kiti chake vinaposagwa, vali huzama zaidi ndani ya hedi, na mguu wake hupanda kuelekea kwenye kamshafti, yaani shafti inayozisukuma vali zifunguke. Nafasi ndogo iliyokuwapo kati ya kamshafti na vali hupungua, wakati mwingine hadi kwisha, na vali hubaki imeachama kidogo hata pale inapotakiwa kufunga. Injini hii haina skrubu ya kurekebishia. Nafasi hupangwa kwa kubadilisha visahani vya chuma vilivyo juu ya vikombe vya vali, kwa hiyo visahani vya zamani vikirudishwa bila kupimwa, kosa huwa limeshafungiwa ndani. Kifuniko cha juu kifunguliwe injini ikiwa imepoa, na nafasi ipimwe kwa fila geji, yaani vibamba vyembamba vya kupimia: vali za kuingiza hewa zinatakiwa kuwa kati ya milimita 0.15 na 0.25, na za kutolea moshi huwa kubwa zaidi kidogo. Ni kazi ya asubuhi moja, na hedi haiguswi.

Nafasi ikiwa sawa, fundi mwenye kompresa aingize hewa kupitia tundu la plagi, pistoni ikiwa juu kabisa na vali zote za silinda hiyo zimefungwa. Krenki ishikiliwe imara, maana hewa inaweza kuizungusha na kumjeruhi mtu. Mlio ukisikika kwenye ekzosi, vali ya moshi haijakaa kwenye kiti. Ukisikika kwenye koo la hewa, ni vali ya kuingiza, na hapo hedi irudi kwa aliyeisaga. Mapovu kwenye rejeta yanaonyesha gasketi au ufa. Hewa ikitoka kwa nguvu kwenye mdomo wa kujazia oili, fundi wako atakuwa amesema kweli, na bloku ifunguliwe ili kuona kama ringi imevunjika au imewekwa juu chini.