Re: Viini viwili au vinne kwa kompyuta ya saiba?

Ndugu, umeuliza kama kwa saiba yako hapo Mwembe Tayari inafaa kuongeza pesa upate prosesa (ubongo wa kompyuta) ya viini vinne, yaani sehemu nne zinazoweza kufanya kazi kwa pamoja, badala ya viwili. Mimi nasema ongeza.

Mfikirie mama wa mahamri mwenye jiko moja tu. Lazima akaange, apike mbaazi na achemshe chai, basi kutwa ni kuteleka na kuepua. Prosesa ya kiini kimoja hufanya vivyo hivyo: huruka kutoka programu hii hadi ile kwa kasi, ukadhani zinakwenda pamoja. Ukiwa na viini vinne, mteja anachapisha fomu, wewe unaskani kitambulisho, huku antivairasi inakagua flashi (ukaguzi huo ndio hulemaza mashine nzee), na kila kazi ina jiko lake. Windows yenyewe ndiyo inayovigawia viini kazi.

Ila usitarajie kasi mara nne. Programu nyingine hutumia kiini kimoja tu, na viini vyote hutegemea ramu (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) na diski ileile. Kompyuta yangu ilikuwa na viini vinne na ramu ya GB 2, ikawa inakwama kila saa. Nilipoweka GB 8 ikapumua.

Na joto letu la Mombasa usilipuuze. Feni ikijaa vumbi, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe. Ukinunua ya mitumba, mwambie muuzaji aifungue uione feni kabla hujalipa.