Maswali na Majibu: Msukule wa Chuma na Nchi ya Angani

Mume wangu anasema hadithi za kubuni za kisayansi zilianzia Hollywood. Ni kweli? (Msomaji, Sakina, Arusha)

Hapana, dada. Zilikuwepo vitabuni kabla sinema haijazaliwa. Wengi huanza kuhesabu na Frankenstein ya Mary Shelley, iliyotoka London mwaka 1818. Alianza kuiandika akiwa na miaka 18, kando ya ziwa huko Uswisi, mwaka 1816 ambao Ulaya haikuona kiangazi, kwa sababu volkano ya Tambora kule Indonesia ilikuwa imelipuka mwaka uliotangulia na kulifunika anga. Sisi tunaoamka kila siku na kuitazama milima ya volkano, Meru au Kibo, tunaweza kuliwazia anga lile. Hata filamu mashuhuri ya mwanzo ya safari ya mwezini ni ya Mfaransa, Georges Méliès, mwaka 1902.

Neno "roboti" maana yake nini hasa? (Fundi redio, Majengo, Moshi)

Swali hili nimelipenda kuliko yote, fundi. Limetoka kwenye tamthilia ya Karel Čapek, Mcheki, iliyochapishwa mwaka 1920. Mwenyewe alisema neno alipewa na kaka yake Josef, mchoraji. Kwa Kicheki, robota ni shokoa, ile kazi ya kulazimishwa waliyofanyishwa wakulima kwenye mashamba ya mabwana. Roboti wa Čapek hawakuwa wa chuma. Walikuwa viumbe mfano wa watu, waliotengenezwa kiwandani wafanye kazi bila kudai chochote, na mwishowe wakaasi.

Miaka ya tisini, hapo hapo Majengo, nilikuwa nimebanana na wenzangu kwenye benchi la kibanda cha video, televisheni moja mbele, na kijana mwenye maiki akitutafsiria. Roboti akaingia, macho mekundu, anatembea kwa kukakamaa. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Huyu ni msukule wa chuma." Kibanda kizima tukaelewa. Mama mmoja nyuma yangu akauliza taratibu, "Sasa kachukuliwa na nani?"

Sidhani kama yule kijana alikuwa amemsoma Čapek, lakini alifika pale pale: msukule naye ni mtu aliyechukuliwa kichawi, kiumbe asiye na hiari yake, analima shamba la mwingine. Na swali la yule mama bado ninalo kila nikisikia habari za mashine mpya.

Nasikia redio iliwahi kuwatisha Wamarekani kwamba wamevamiwa kutoka angani. (Msomaji, Usa River)

Ni kweli kwa kiasi. Tarehe 30 Oktoba 1938 Orson Welles alirusha mchezo uliotokana na riwaya ya H. G. Wells, ukiigiza taarifa ya habari kwamba viumbe wa sayari ya Mirihi wametua New Jersey. Wapo waliotishika, ila magazeti ya kesho yake yaliongeza chumvi nyingi.

Nataka kuandika hadithi za namna hii. Kwa Kiswahili zipo? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Himo)

Zipo, mwanangu, japo si nyingi. Anza na Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951: nchi inayoelea angani, ambayo wajumbe wake wakirudi na maarifa kutoka nchi za mbali wanatupwa gerezani. Wapo watakaosema hiyo ni istiara tu. Mimi naiweka kwenye ukoo huu bila wasiwasi.

Kisha tafuta Pumzi, filamu fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009. Vita vya maji vimepita, watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, na jasho na mkojo wao vinachujwa ili wanywe. Binti mmoja anaotesha mbegu, anatoroka na mche hadi jangwani, na anaumwagilia maji yake ya mwisho. Nimekulia Kibosho, nikikesha na baba tukisubiri zamu yetu ya maji ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, na pale nililia.

Kwenu Himo mfereji ukikauka, nani anapata maji na nani anakosa? Hadithi yako ianzie hapo.