Mguu kuvimba ukiushusha baada ya upasuaji

Pole sana, mdogo wangu. Umesema una miaka 19, unakaa mlimani Mabatini, Mwanza, umefanyiwa upasuaji wa mfupa wa unyayo wiki mbili zilizopita, umefungwa hogo (plasta ngumu), na ukishusha mguu unavimba na vidole vinakuwa vya zambarau.

Wiki hizi hilo ni la kawaida. Damu inashuka, na misuli ya kigimbi iliyolala haiwezi kuirudisha juu. Lala, weka mguu juu ya mito mitatu, uzidi usawa wa moyo. Rangi irudi ndani ya dakika chache. Isiporudi, au vidole vikiwa vya baridi, vimekufa ganzi, au maumivu yanazidi, hogo limebana: nenda hospitali usiku huohuo, usisubiri siku ya kliniki. Kigimbi kikiuma na kuvimba, au pumzi ikikata, huenda damu imeganda. Kimbilia Bugando au hospitali iliyo karibu.

Magongo yaishie vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, uzito uwe viganjani. Ukiegemea kwapa, mishipa ya fahamu inabanwa na mikono inakufa ganzi. Kupanda ngazi, tanguliza mguu mzima. Kushuka, tanguliza magongo na mguu mbovu. Ila mawe ya Mabatini yakilowa mvua hayafai kabisa. Kama una ndugu anayekaa tambarare, hamia kwake kwa muda.

Usiukanyagie mguu mbovu kabla daktari hajaona picha ya eksirei. Vijana wengi hukosea hapa: maumivu huisha mapema, lakini mfupa mara nyingi huhitaji wiki 6 hadi 8, na skrubu zinazoushikilia huweza kukatika.