Mboni imepanuka, au imepanuliwa?

Msomaji wa Mbagala anaandika kwamba mjomba wake alilazwa akiwa mahututi. Daktari alimmulika tochi machoni, akasema "mboni zimepanuka", kisha akauliza kama mgonjwa alitiwa dawa ya matone. Ndugu wakaudhika: mtu hajitambui, matone ya macho ya nini? Sasa anauliza: "imepanuka" na "imepanuliwa" zinatofautianaje? Na je, mboni si ndiyo mtoto wa jicho?

Nianze na la pili, maana ni jepesi. Mtoto wa jicho ni ugonjwa, ule ukungu unaoingia kwenye lenzi. Mboni ni tundu jeusi la katikati linalopitisha mwanga, lile lile tunalolitaja tukisema mtoto katunzwa kama mboni ya jicho.

Tuje kwenye vitenzi. "Imepanuka" ni kauli ya kutendeka: inaeleza hali, haimgusi mtenda. "Imepanuliwa" ni ya kutendwa. Yupo aliyepanua, hata asipotajwa. Na daktari alikuwa anamsaka mtenda huyo. Jicho likimulikwa, habari hupanda kwa neva hadi kwenye shina la ubongo, ile sehemu ya chini inayouunganisha ubongo na uti wa mgongo, na agizo hurudi kwa neva nyingine: mboni isinyae. Shina la ubongo likifa, agizo halitoki. Lakini atropini ya matone hulegeza msuli wa mboni pale pale jichoni, mboni ikapanuka na kuidharau tochi, ubongo ukiwa mzima kabisa! Ndiyo maana tochi peke yake haitoshi kutamka kifo cha ubongo. Hata uwezo wa kupumua bila mashine hupimwa.

Kuna na kinyume chake. Dawa nyingine ya matone, pilokapini, huubana msuli huo moja kwa moja, kwa hiyo mboni yaweza kusinyaa hata shina la ubongo likiwa limekufa. Hapo usiandike "mboni imeitikia". Kuitikia kunataka mwito upokewe, na hapa hakuna aliyepokea. Andika "dawa imeisinyaza mboni". (Kwa mwanga, mimi napenda "haiitikii" kuliko "haijibu", tochi haijauliza swali.)

Kwa hiyo daktari wa mjomba alichagua neno vizuri. Angesema "zimepanuliwa", angekuwa ameshajibu lile alilowauliza ndugu.