Vishoka wa Roma

Mhariri, wiki hii mmetuuliza falsafa na historia ya kale zina lipi la kuifundisha jamii ya leo. Nawajibu kutoka Kimara, Dar es Salaam, ambako mgao wa maji wa mwaka 2022 ulitukuta tukipanga madumu tangu alfajiri na kumbembeleza mwenye boza kama mkwe.

Siku zile kijiweni kwenye kahawa neno lilikuwa moja: "Sisi Waswahili ndivyo tulivyo." Vishoka, wale mafundi wa magendo, wakitoboa bomba usiku, ni Uswahili. Nami nilikuwa naitikia, mpaka nilipokutana na habari za Frontinus.

Huyu bwana alikabidhiwa maji ya jiji la Roma mwaka 97 BK, mifereji tisa kwa jumla. Kufungua madaftari, akakuta maji yaliyogawiwa ni mengi kuliko yaliyopokelewa! Mwingine angefoka, akafukuza karani mmoja, yakaisha. Yeye alikwenda kupima kwenye vyanzo, akagundua yanayoingia yanazidi mno hata hayo ya daftarini. Chini ya barabara kulikuwa na mabomba ya siri, na watu ambao kazi yao ilikuwa kutoboa tu. Tena kibali cha maji kikipata mmiliki mpya, mafundi walitoboa tundu jipya kwenye tangi na kuliacha la zamani wazi, wauze maji yake. Kumbe vishoka walikuwapo Roma, na Kiswahili hawakijui.

Upande wa falsafa namtaka Socrates peke yake. Angeketi pale kijiweni angeuliza: sisi ni akina nani? Umejuaje? (Tungemchoka upesi. Waathene walimchoka hadi wakamhukumu kunywa sumu, mwaka 399 KK.)

Mwaka jana bili ya nyumba yetu ya wapangaji saba ilipanda ghafla. Sote tukamnyooshea kidole dada wa saluni, maana ndiye anayeosha nywele za watu kutwa. Nilikuwa wa kwanza kusema aongeze mchango. Baadaye Frontinus akanijia kichwani, nikaomba usiku mmoja tufunge koki zote. Tukachuchumaa na tochi mbele ya mita. Ikaendelea kuzunguka. Asubuhi tulichimba, tukakuta bomba limepasuka chini ya banda la kuku la mwenye nyumba.

Bili ilishuka. Dada wa saluni salamu yangu anaitikia, ila kwa mdomo wa pembeni.